Tarehe 15 Agosti: Sikukuu Iliyotangulia Maelezo Yake

Kila tarehe 15 Agosti Burundi nzima hupumzika. Hapa Bujumbura ofisi na benki hufungwa, na mahujaji wengi huelekea Mugera, karibu na Gitega, misheni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1899. Wakatoliki huadhimisha siku hiyo Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Wakristo wa makanisa ya Kiprotestanti huuliza: jambo hili limeandikwa wapi katika Biblia? Waislamu wa Buyenzi, ambao Kurani yao ina sura nzima yenye jina la Maryam, nao hupumzika bila kuiadhimisha. Katika insha hii nitachunguza vyanzo vya sikukuu hii, kisha nitaonyesha kwa nini swali hilo linatuhusu sisi tunaosoma historia ya Burundi.

Kwanza, Biblia haisimulii mwisho wa maisha ya Maria. Mara ya mwisho anatajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, akisali pamoja na mitume mjini Yerusalemu. Mnamo miaka ya 370, askofu Epifanio wa Salamis, kisiwani Kupro, aliandika kwamba Maandiko yamenyamaza na kwamba hakuna anayejua Maria aliishaje. Huyu alikuwa mtu wa Kanisa, tena aliyezaliwa Palestina. Ushuhuda wake una uzito.

Pili, kuna masimulizi yanayoitwa Transitus, yaani kupita kwa Maria kutoka dunia hii. Tunayapata kuanzia karne ya 5 kwa Kisiria, Kigiriki na lugha nyingine. Husimulia jinsi mitume walivyoletwa kwa mawingu hadi kitandani pake. Masimulizi hayo yanatofautiana. Hata kuhusu mahali, wengine wanataja Yerusalemu, ambako kaburi lake huonyeshwa hadi leo chini ya Mlima wa Mizeituni, na wengine wanataja Efeso.

Tatu, kuna kalenda, na hapa ndipo nilipopata jambo lililonishangaza zaidi. Kitabu cha masomo ya ibada ya Yerusalemu, kilichohifadhiwa kwa Kiarmenia na kinachoonyesha desturi za mwanzoni mwa karne ya 5, kinataja tarehe 15 Agosti kuwa siku ya Maria Mama wa Mungu. Lakini ibada haikufanyika kaburini. Ilifanyika njiani kati ya Yerusalemu na Bethlehemu, mahali ambapo iliaminika Maria alipumzika akiwa mjamzito. Maana yake ni kwamba tarehe ilikuwepo kabla ya maelezo tunayoyasikia leo. Baadaye siku hiyo ilihusishwa na kifo chake, na Kaisari Mauricio, aliyetawala mwaka 582 hadi 602, anatajwa kuwa ndiye aliyeagiza iadhimishwe katika dola yote. Roma iliipokea katika karne ya 7. Fundisho lenyewe lilitangazwa rasmi na Papa Pius XII tarehe 1 Novemba 1950, na tangazo hilo halikusema ni wapi wala ni lini Maria alimaliza maisha yake.

Je, tuseme basi kwamba sikukuu hii ni hadithi tupu? Kabla ya kujibu, tutazame nyumbani. Umuganuro, sikukuu ya mtama iliyoongozwa na mwami, ilikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Wabelgiji na upinzani wa wamisionari. Mengi tunayoyajua kuhusu asili yake yalihifadhiwa midomoni mwa wazee na katika koo zilizotunza ngoma za kifalme. Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi ya Burundi na kuyachapisha mwaka 1972, alifundisha kwamba simulizi ni chanzo cha historia, mradi lipimwe: nani alilisimulia, kwa nani, na kwa faida gani.

Tukisema kisichoandikwa hakikuwepo, tutafuta sehemu kubwa ya historia yetu wenyewe. Tukisema kila kilichosimuliwa kilitokea, tutaacha kuwa wanahistoria. Mizani lazima iwe moja, kwa Kanisa na kwa ufalme pia. Kwa mizani hiyo, vyanzo havithibitishi Maria aliondokaje duniani, wala havikanushi. Vinathibitisha jambo lingine: kwamba kwa zaidi ya miaka 1,500 watu wamekusanyika tarehe hiyo kumheshimu, na kila kizazi kimeipa siku hiyo maana kilichoihitaji.

Kwa hiyo mjadala kati ya Mkatoliki na Mprotestanti wa Bujumbura si mjadala wa historia, bali ni mjadala kuhusu mamlaka ya mapokeo ya Kanisa. Mwanahistoria hawezi kuwaamulia. Anachoweza ni kumzuia mmoja asidai kwamba ushahidi wa maandishi upo tangu siku za mitume, na mwingine asidai kwamba sikukuu hii ilibuniwa mwaka 1950. Katika nchi ambayo imeumizwa mara nyingi na masimulizi yasiyopimwa, kazi hiyo si ndogo.