Foo wili: kijiti cha dereva au kompyuta?

Leo naweka programu kando niongee magari.

Wengi hudhani foo wili ilianza na kijiti cha mkono ikaishia kwenye kompyuta. Sivyo. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, mwaka uleule Tsavo ilipofanywa mbuga ya taifa, na iliendesha magurudumu yote manne bila dereva kuchagua, ikiwa na kifaa cha kuyaachia ya mbele yazunguke huru inapobidi. Mwaka 1950 kiwanda kikageuza: dereva achague mwenyewe. Mwaka 1983 One Ten ikarudi kwenye manne wakati wote.

Shida ni kona. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo, yakaisha. Kwenye lami ya barabara ya Mombasa haiwezekani, gia zinabanana. Kwa hiyo dereva wa Land Cruiser ya zamani akitoka Tsavo kuingia Voi hurudisha kijiti. Habu zikiwa za mkono, atashuka azifungue (na jua la Voi mnalijua).

Leo sensa hupima mwendo wa kila gurudumu, kompyuta huamua. Ningepaswa kushangilia, ndiyo kazi yangu. Lakini kompyuta hugundua mchanga tairi ikishaanza kuteleza. Dereva huuona kabla hajashuka mtoni. Land Rover wenyewe walilijua hilo: Discovery 3 ya 2004 ilikuja na kitufe cha kuzungusha, dereva aiambie kompyuta mbele kuna mchanga au matope.