Kutoka Jina la Ukoo hadi Jina la Mtu: Safari ya Jina Nelson na Hatima Yake Mkoani Mara

Katika jamii za Mkoa wa Mara, jina la mtoto lilibeba tukio, msimu au kumbukumbu ya wahenga. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alipobatizwa mwaka 1943 ndipo alipopata jina Julius. Kanisa Katoliki lilihimiza majina ya watakatifu; hata hivyo, shule na habari za dunia zilileta majina mengine yasiyokuwa ya watakatifu. Nelson ni mojawapo.

Kwa asili, Nelson ni jina la ukoo la Kiingereza lenye maana ya "mwana wa Neil". Sehemu yake ya mwisho, *son*, inafanya kazi ileile inayofanywa na *bin* katika Kiswahili. Baada ya Horatio Nelson kufa vitani Trafalgar mwaka 1805, wazazi wengi walianza kuwaita watoto wao kwa jina hilo ili kumuenzi.

Barani Afrika jina hili lilibadilika maana kupitia Mandela. Alizaliwa mwaka 1918 akaitwa Rolihlahla. Nelson alipewa na mwalimu wake siku ya kwanza ya shule, kwa desturi ya wakati huo ya kuwapa wanafunzi majina ya Kiingereza. Mwaka 1962 alifika Tanganyika kwa siri na kuonana na Nyerere. Na alipofunguliwa Februari 1990, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo alizozuru. Jina la jemadari wa baharini likawa jina la ukombozi.

Kifonolojia, Kiswahili hupendelea silabi wazi. Ndiyo maana baadhi ya wazungumzaji hutamka *Nelsoni*, ingawa maandishi hubaki *Nelson*. Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika mpangilio wa majina matatu: la mtu, la baba na la babu. Tuchukue mfano wa kubuni wa familia ya Bweri, Manispaa ya Musoma. Bwire anamwita mwanawe Nelson. Mtoto wa Nelson anaandikwa Baraka Nelson Bwire, na binti wa Baraka anaandikwa Neema Baraka Nelson. Katika cheti cha Neema, Nelson limekaa mahali panaposomwa kuwa pa jina la ukoo, na Bwire limetoweka.

Hivyo basi, jina lililotoka katika ukoo wa Kiingereza limerudi kuwa la ukoo, safari hii Musoma. Familia zinazoshikilia jina moja la babu kizazi hadi kizazi huepuka hasara hiyo. Kwa zisizofanya hivyo, jina la kigeni halifuti la asili siku ya ubatizo wala ya kuandikishwa shule; hulisukuma nje polepole, katika kizazi cha tatu, wakati aliyelijua huenda hayupo tena kulisimulia.