Kwa nini mimea ya tangi la samaki hufa hapa Pwani

Wengi wanaofuga samaki wa maji baridi nyumbani hutia mimea hai kwenye tangi, na baada ya wiki chache majani huwa manjano na kuoza. Watu hukimbilia mbolea. Hapa kwetu, lakini, aghalabu shida ni maji, mchanga na joto.

Maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mimea laini kama kabomba haiihimili. Maji ya mfereji ni afadhali, ila yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua ni mazuri zaidi: yakinge baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, kisha uyachanganye nusu kwa nusu na ya mfereji. Badilisha robo ya maji kila wiki; usiyamwage yote kwa mpigo.

Mchanga. Usichote mchanga mweupe wa ufuoni. Umejaa vipande vya matumbawe na makombe, navyo hutoa chokaa polepole na kufanya maji kuwa magumu. Udondoshee siki kidogo: ukitoa povu, una chokaa. Tumia mchanga wa mto, uuoshe mpaka maji yatoke safi.

Joto na mwanga. Mimea mingi ya tangi hustawi kati ya nyuzijoto 22 na 28. Wakati wa kaskazi maji hupita kiwango hicho kwa urahisi. Weka tangi mbali na dirisha lenye jua, ondoa kifuniko, na uelekeze feni juu ya maji. Yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji ya mvua, kwani chumvi haiondoki na mvuke. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku. Ikizidi, koga itafunika majani.

Kupanda. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na Kati, usizikwe shina lake nene, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itajishikilia yenyewe. Cryptocoryne, ya Asia, huweza kupukutisha majani yote ikihamishwa. Usiing'oe: mizizi ikiwa mizima, itachipua tena baada ya wiki kadhaa.

Kutupa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Gugumaji lililowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kama pambo kwa sababu ya maua yake. Kipande kidogo cha kabomba pia huweza kuota mmea mpya. Kwa hivyo mabaki ya tangi yasitupwe mtaroni, kwenye kidimbwi wala mtoni. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha uyafukie shambani yawe mbolea.