Besi Isiyo na Nasaba

Miongoni mwa ala zilizotapakaa duniani katika karne iliyopita, chache zimepotewa na nasaba kama magitaa ya besi ya Kijapani ya miaka ya 1960 na 1970. Ala ya namna hiyo humfikia mtu ikiwa na bamba la chuma mgongoni lisemalo tu kwamba imeundwa Japani, na kichwani ina jina la mwagizaji wa Marekani au Uingereza ambaye hakuwahi kumiliki hata patasi. Mwenyewe huuliza bei yake. Angeuliza kwanza ni mtoto wa nani.

Jibu aghalabu huanzia Matsumoto, mji wa mkoa wa milima wa Nagano. Hapo kilikuwepo kiwanda cha Matsumoku, ambacho kabla ya magitaa kilichonga makabati ya cherehani za Singer. Na hapo hapo, mwaka 1960, kiliasisiwa FujiGen, kilichokuja kuunda ala za Ibanez kwa ajili ya wafanyabiashara wa Hoshino wa Nagoya. (Nagoya si ngeni kwetu: ndiko ilikovumbuliwa mwaka 1912 taishokoto, iliyokuja kulia katika taarabu za pwani yetu.) Kiwanda kimoja kilitoa ala zenye majina kadhaa, kila mnunuzi na lake. Kwa hiyo jina la kichwani ni shahidi dhaifu. Mashahidi wa kuaminika ni umbo la vinasa sauti, tabaka za mbao za kiwiliwili, namna shingo ilivyofungwa, na urefu wa uzi, kwani besi nyingi za Kijapani za miaka ya 1960 ziliachana na inchi 34 za Fender zikachukua takriban inchi 30. Ibanez nyingi za kuanzia mwaka 1975 hujieleza zenyewe kwa nambari: herufi ya kwanza ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Disemba, kisha hufuata mwaka. F76, basi, ni Juni 1976.

Wauzaji nao wana hadithi yao. Mwezi Juni 1977, Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, iliishitaki Elger, mkono wa Hoshino nchini Marekani, mbele ya mahakama ya Philadelphia. Shauri lilihusu umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Ni hilo tu. Lakini leo kila nakala ya Kijapani hunadiwa kuwa ni ya "zama za kesi", hata iliyoigiza besi za Fender, ambayo haikuwa na dai lolote katika shauri lile! Mnunuzi hulipia kesi isiyoihusu ala yake.

Na nakala, kwa maoni yangu, si zenye kusisimua zaidi. Ninazozitamani ni zile za ajabu, kama za Teisco, kampuni iliyonunuliwa na Kawai mwaka 1967, ambazo pembe na vitufe vyake havikuazimwa kwa mtu. Hizi hupungua thamani kwa kupakwa rangi mpya au kubadilishwa vinasa sauti, maana vipuri vya asili havipatikani ila kwa kuibomoa nyingine.

Aliyebahatika kuipata asianze kuisugua. Alegeze nyuzi, afungue skrubu za shingo, amulike kwa kurunzi ndani ya tundu. Mara nyingine mna muhuri, au tarakimu za penseli za fundi.