Kasuku wa Kijivu na Vichezeo Vyake Mpakani Busia na Malaba

Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu na sifa ya kuiga sauti za watu, ni ndege wa misitu minene inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita Kongo na Uganda, ikakomea magharibi mwa Kenya. Msitu wa Kakamega, usiofika kilomita 100 kutoka Busia, ndio ukingo wa mashariki wa makao yake, na humo wamesalia wachache mno. Miji ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, imekaa kati ya msitu huo na misitu ya Uganda, ambako Waganda humwita kasuku huyo enkusu. Lakini kasuku wengi waliopita katika miji hiyo hawakupita kwa mbawa zao.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia upande uliokuja kuitwa Kenya, na mito ya Sio na Malaba ikawa mstari wa kuwagawa Wasamia, na vilevile Wateso, kila kabila na ndugu zake wa damu. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Njia kuu ya kwenda Uganda ikapitishwa Malaba na Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ikiwa bado chini ya Idi Amin, magendo yaliwalisha watu wengi mpakani. Pale Busia, kutoka geti moja hadi jingine palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, na watu waliuvuka wakiwa wamepakiwa kwenye baiskeli. Mwito wa waendeshaji hao, "boda, boda", sasa ni jina la usafiri wa Afrika Mashariki nzima.

Ndege nao waliingia katika mkondo huo. Msituni Kongo kasuku hunaswa kwa ulimbo unaopakwa matawini, karibu na ndege aliyefungwa ili awaite wenzake. Hukatwa manyoya ya mabawa, hushindiliwa ndani ya makasha, na wengi hufa kabla ya kumwona mnunuzi. Tenga la kasuku likifunikwa gunia halitofautiani sana na tenga la kuku. Kati ya mwaka 1975 na 2013, biashara halali peke yake ilitoa zaidi ya kasuku milioni 1.3 wa kijivu katika misitu ya Afrika, na hesabu hiyo haina waliovushwa kwa siri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978, ila kasuku wa kufugwa waliendelea kuingia kutoka Kongo kupitia Uganda.

Waliovuka waliuacha msitu nyuma, na kwa kasuku msitu ni kazi. Siku nzima huruka kutafuta matunda, huvunja chikichi ili apate mbegu, hubambua magome, hutafuna mti mkavu hadi uwe unga, na jioni hurudi kulala pamoja na mamia ya wenzake. Matunda ya msimu huu si ya msimu ujao, kwa hiyo hata akili yake haipumziki. Tundu la mfugaji wa zamani halikuwa na lolote kati ya hayo. Lilikuwa na kijiti kimoja cha kutulia, kopo la maji na kopo la njugu. Kasuku alitakiwa aseme, basi. Aliponyamaza, akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikabaki wazi, alidhaniwa ana ugonjwa wa ngozi. Wapo wanaougua kweli, lakini mara nyingi chanzo ni upweke na kukosa la kufanya. Huu ndio upande wa biashara hii uliochelewa mno kuangaliwa.

Sayansi ilisaidia kuubadilisha mtazamo huo. Mwaka 1977, nchini Marekani, mtafiti Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu aliyemwita Alex. Kwa miaka 30, hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, alionyesha kwamba anaweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu alivyowekewa mbele yake. Ndege wa akili hiyo hawezi kushinda kwenye kijiti kitupu bila kudhurika. Vichezeo vikaacha kuonekana kama mapambo ya tundu.

Vifaa vya kutengenezea vichezeo vimejaa pande zote za mpaka, bila haja ya duka. Gunzi la mahindi lililokauka vizuri hutafunwa kwa muda mrefu. Lenye ukungu halifai hata kidogo, kwa sababu mapafu ya kasuku huzidiwa upesi na kuvu. Tawi la mpera likiwa na magome yake, kipande cha mwanzi kilichofichwa njugu ndani, na fundo la mafunjo kutoka vinamasi vya Mto Sio humrudishia sehemu ya kazi ya msituni. Kamba ya katani inafaa ikiwa fupi, na ikishaanza kuchanika huondolewa, maana nyuzi zake hukaza vidole. Hatari kubwa iko kwenye chuma. Waya wa kuku na seng'enge hupakwa zinki, kasuku huung'ata kutwa, na zinki humtia sumu. Risasi ya kulehemu ni mbaya vilevile. Mkebe wa kasuku, ule wa mafuta ya kupikia unaotumika kupimia maharagwe sokoni, una jina la ndege huyu lakini ukingo wa mkebe uliokatwa humchana.

Sheria ilikaza baadaye. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimweka kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa rasmi Busia, maofisa wa nchi mbili wakikagua mizigo chini ya paa moja. Mwaka 2022 Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS, lilitoa muda wa msamaha ili wanaofuga kasuku hao wajitokeze. Mwaka huohuo, huko Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, walikamatwa kasuku 122.

Kasuku aliyekulia kwa watu mara nyingi hawezi kurudi msituni, na anaweza kuishi miaka 40 au zaidi. Katika umri huo wote vichezeo huhitaji kubadilishwa kwa zamu, jinsi misimu ya matunda inavyobadilika. Huwekwa vitatu au vinne kwa wakati mmoja. Baada ya wiki hivi, kimoja au viwili hutolewa, vikaoshwa na kufichwa, kisha hurudishwa baada ya majuma kadhaa, na ndege huvipokea kama vipya. Kasuku wa kijivu huogopa kitu asichokijua. Kwa hiyo gunzi jipya lililofungwa kamba hutundikwa kwanza nje ya tundu, mbali kidogo, ambapo ataliona siku mbili tatu. Husogezwa karibu siku baada ya siku, hadi aanze kunyoosha shingo kulifikia.