Kampuni Iliyozaliwa Juu ya Meza ya Chakula

Msomaji kijana, yamkini siku moja utaajiriwa na kampuni kubwa ya kuandika programu za kompyuta. Ukisikia habari za kampuni ya namna hiyo, mawazo yako hukimbilia jumba refu la vioo na vijana wengi walioinamia mashine. Leo nataka kukusimulia habari za kampuni moja ya Uingereza ambayo wafanyakazi wake walifika maelfu, lakini ilipoanza haikuwa na jumba wala mashine.

Mwasisi wake alikuwa mwanamke, Stephanie Shirley. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1933, na baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka mitano, alipandishwa gari la moshi pamoja na watoto wengine waliookolewa na mateso ya Hitler, akapelekwa Uingereza kulelewa na watu asiowajua. Alipokua alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Posta, akajifunza hisabati na kompyuta. Lakini aliona kuwa mwanamke hupanda ngazi hatua chache tu, kisha huzuiwa. Basi mwaka 1962 aliacha kuajiriwa, akaanzisha kampuni yake nyumbani, juu ya meza ya chakula, kwa mtaji wa pauni 6.

Watu walimcheka. Siku zile programu zilitolewa bure pamoja na mashine. Nani angenunua kitu cha bure, tena kwa mwanamke? Barua zake hazikujibiwa. Ndipo mumewe alipomshauri atie sahihi kwa jina la Steve, ambalo ni la kiume, na majibu yakaanza kuja. Pima mwenyewe, msomaji: akili ilikuwa ile ile na kazi ile ile, kilichobadilika ni jina tu.

Shirley aliwatafuta wanawake wenye elimu walioacha kazi kwa sababu ya ndoa au uzazi. Kazi yao ilikuwaje? Mama alikaa nyumbani, akachora mpango wa kazi kwa kalamu ya risasi, akaandika amri za mashine mstari kwa mstari, kisha akazipeleka karatasi zake kwa posta. Huko zilikokwenda, maandishi yalitobolewa katika ukanda wa karatasi au kadi, yakatobolewa tena mara ya pili ili kosa ligunduliwe. Ndipo yalipofikishwa mbele ya kompyuta. Mteja alipopiga simu, Shirley alifungulia mlio wa taipureta ulionaswa, ili kelele za nyumbani zisisikike. Wanawake 30 waliofanya kazi majumbani mwao ndio walioandika programu ya chombo cha kunasia habari za safari cha Concorde, ndege iliyoruka upesi kuliko sauti.

Usidhani kuwa yote yalikuwa asali. Hawa walilipwa kwa kazi waliyoifanya. Kazi ilipokosekana, ujira nao ulikosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 biashara ilipolegea, kampuni ilikaribia kuanguka.

Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Mwaka 1975 Uingereza iliweka sheria ya kukataza ubaguzi kati ya wanaume na wanawake. Sheria hiyo, iliyokusudiwa hasa kuwatetea wanawake, ikailazimisha kampuni ya wanawake iwafungulie wanaume mlango. Nayo iliufungua.

Kampuni ilikua hata ikawa na wafanyakazi 8,500. Shirley hakukumbatia mali peke yake. Aliwagawia wafanyakazi sehemu kubwa ya hisa zake. Hisa zilipoanza kuuzwa katika soko la London mwaka 1996, thamani yake ilipanda, na wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Wahenga walisema kuwa chanda chema huvikwa pete.

Shirley alifariki mwaka 2025. Kampuni yenyewe ilikwisha kununuliwa na nyingine mwaka 2007, na jina lake likapotea. Lakini swali lake halikupotea. Siku utakapoingia katika kampuni kubwa, usitazame ukubwa wa jumba tu. Uliza ni nani wanaoachwa nje ya mlango, na ni nani wanaogawana kilichovunwa. Na kama siku moja wewe ndiwe utakayeshika ufunguo wa mlango huo, kumbuka barua zile zilizokosa majibu.