Ile Hela, Ipi?

"Ile hela nitumie kwenye namba hii. Jina litakuja fulani wa fulani." Ni nadra kumpata mwenye simu Tanzania ambaye ujumbe huu haujamfikia, na wengi wameuzoea hata wanaufuta bila kuumaliza. Mimi huusoma mpaka mwisho. Ni utungo mfupi, lakini mtunzi wake anajua Kiswahili vizuri kuliko waandishi wengi wa matangazo ya biashara.

Tazama neno la kwanza. Shuleni tulifundishwa kwamba viashiria ni vya umbali: hii ya karibu, ile ya kule. Lakini mitaani "ile" haipimi umbali wa macho tu. Mtu akikuambia "lile jambo letu" au "yule jamaa", anakusudia kitu ambacho nyote wawili mnakijua na hakuna haja ya kukitaja. Ni kiashiria cha kumbukumbu ya pamoja. Tapeli hana kumbukumbu yoyote ya pamoja nawe, basi anaighushi kwa silabi mbili. Na kwa kuwa ujumbe ule ule umetumwa kwa watu chungu nzima, hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyo kweli ameahidi kutuma hela: kodi ya chumba, mchango wa harusi, ada ya mtoto, marejesho ya kikoba. Huyo haoni maneno ya mgeni. Anaona deni lake. Ndiyo maana ujumbe hautaji kiasi wala sababu, ungetaja, ungekosea.

"Jina litakuja" ni hodari zaidi. Huduma za kutuma pesa kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuvukia kwetu mwaka uliofuata, zimekuwa zikitafuta njia ya kumzuia mtu asitume hela kusiko. Mojawapo ni kukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha muamala. Ni kinga nzuri, na tapeli ameiwahi. Kabla hujashtuka kwamba jina silo, ameshakuambia kwamba halitakuwa lile unalolijua. Kiambishi -ta- kimemaliza kazi ya kukutuliza, na kinga imegeuka ushahidi wa ukweli wake: alisema jina litakuja, na kweli limekuja.

Jibu lake lipo ndani ya sarufi hiyo hiyo: "Ile ipi?" Anayeidai hela kwa haki atacheka na kukutajia. Mwingine hatajibu, au atakuja na matusi.

Kwa mtu wa namna hii lugha haina upungufu wa majina. Tapeli, laghai, mzandiki, na mkora kwa Wakenya. Ayari, neno ambalo siku hizi husikika zaidi kwa wazee na katika riwaya, lilitoka katika Kiarabu, na wenye jina hilo katika Baghdad ya kale walikuwa vijana wa mitaani, watu wa vurugu na ujasiri kwa pamoja. Lakini ninalolipenda kuliko yote ni bazazi. Katika Kiarabu bazazi ni muuza nguo tu, mtu wa heshima zake mwenye duka na kipimo cha dhiraa. Alipofika pwani yetu akawa mfanyabiashara mdanganyifu. Fikiria ni majora mangapi ya kitambaa yalipunjwa mpaka jina la kazi likawa jina la kosa.

Bazazi ananifaa kwa sababu anakaa mpakani, na leo mpaka huo umejaa watu. Upande mmoja kuna mwizi anayepiga simu na kusema "Hongera, umejishindia." Upande wa pili kuna kampuni yenye leseni inayokutumia ujumbe saa mbili usiku: "Hongera, umechaguliwa, bonyeza moja." Hongera lilikuwa neno la aliyejifungua, aliyefaulu mtihani, aliyerudi salama kutoka Hija. Sasa ni neno la kutilia shaka. Kisheria wa kwanza ni mhalifu na wa pili si mhalifu, lakini bibi aliyekaa barazani hasomi leseni, anasikia lugha, na lugha yao ni moja: pongezi, haraka, namba ya kubonyeza. Miaka nenda miaka rudi makampuni yamekuwa yakimzoeza mteja kutii sauti asiyoijua. Wamelima na kupalilia, kisha wanashangaa tapeli anapokuja kuvuna.

Tuziite nini simu na jumbe hizi? Kwenye baruapepe tulishakubaliana na "barua taka", na wapo wanaosema "jumbe taka" kwa mfano huo. Siridhiki. Taka ni mabaki ya kitu nilichokitumia mwenyewe, na kuzifagia ni wajibu wangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliushughulikia ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, na hapo angalau inaonekana kwamba kuna mtu ametuma. Mimi napendekeza "simu za kero". Kero, katika Kiswahili cha utawala wa Tanzania, ni neno lenye meno. Kuna kero za wananchi na kero za Muungano. Waziri huja wilayani kusikiliza kero, na kila kero hutafutiwa mtu wa kuitatua. Taka utafagia mwenyewe. Kero ina mwenye kuulizwa.

Watu wenyewe, wakiachiwa, hutunga vizuri kuliko kamati. Wakopeshaji wa mtandaoni wanapenda kusema mikopo yao ni ya haraka, isiyo na dhamana. Mtaa ukaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali, tayari jina la mtaani lilikuwa limeshatoa hukumu. Simu zao ni aina ya pekee ya kero, kwa sababu mara nyingi anayepigiwa si aliyekopa: ni shemeji, bosi wa zamani, fundi aliyewahi kutengeneza friji, yeyote ambaye namba yake ilikutwa ndani ya simu ya mkopaji. Anaambiwa mambo ya deni asilolijua, kwa sauti ya kumdhalilisha mtu asiyekuwepo.

Na yule aliyekwisha kuingia mtegoni? Hapa Kiswahili kinanivutia zaidi. Tunasema amepigwa. Simu hupigwa na mwenye simu naye hupigwa, kwa kitenzi kimoja. Tunasema amelizwa, hata kama hakudondosha chozi. Tunasema ameingizwa mkenge. Zote ni kauli za kutendwa, na kauli ya kutendwa hubakiza nafasi ya mtendaji: amelizwa na nani?

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na makampuni ya simu wakaja na kampeni yenye jina zuri: Sitapeliki. Nalisifu kwa utunzi, maana neno moja limebeba sentensi nzima na linaimbika. Lakini kiambishi -ik- kina tabia yake. Kikombe huvunjika, njia hupitika, ugali wa jana hauliki. Katika kauli hiyo mtendaji hutoweka, na sifa yote, au lawama yote, hubaki kwa kitu chenyewe. Nikisema nimetapeliwa, utauliza na nani. Nikisema nimetapelika, utaniuliza ilikuwaje nikawa mtu wa hivyo. Nadhani wanaoficha kwamba wameibiwa wanaogopa swali hilo la pili, na anayeficha haripoti. Basi waliseme watakavyo, lakini lisiwafanye watu waone haya kutuma ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, au kupiga *106# kutazama ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao bila wao kujua.

Kwa wazee shida si kutokujua. Shida ni adabu. Kijana anapiga, anaanza na "Shikamoo mama", na mama hawezi kuiacha shikamoo hewani. Ataitikia marahaba, na akishaitikia wamekwisha kuwa mtu na mwanawe. Halafu yeye mwenyewe atauliza, kama ilivyo desturi, "Nani mwenzangu?" Mgeni asiyejulikana hata jina ameshapewa uenzi. Kumkata hapo ni mtihani, kwa sababu Kiswahili kina kukata simu na kina kumkatia mtu simu, na hicho kiambishi cha kutendea ndicho kinachouma. "Amenikatia simu" ni shauri la kuletwa kikaoni. Hakuna mama mtu mzima anayetaka kusemwa hivyo, hata na mwizi.

Nilimwambia shangazi yangu kwamba tapeli hakatiwi. Simu yake hukatwa tu, kama taa inavyozimwa. Alifikiri kidogo, akasema hilo analiweza, ila ataomba radhi kwanza. Siku hizi huwaambia, "Samahani mwanangu, nakata," na anakata. Wakijiita huduma kwa wateja hasubiri hata samahani, kwa sababu tumemfundisha kwamba kampuni ikimpigia itampigia kwa namba 100.

Kinachomtisha zaidi ni wale wanaomtaja kwa majina yake kamili. Wamemjuaje? Hakuna uchawi: yeyote akiandika namba yako kana kwamba anataka kukutumia hela, jina ulilosajiliwa humjia. Kinga ile ya mtumaji ni dirisha kwa mwizi. Ila jina analoliona ni la kitambulisho, la benki na la zahanati. Ukoo mzima tunamwita Bi Mdogo, ingawa sasa ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki, na jina hilo halijaandikwa popote. Mpwa wa kweli aliyekwama Morogoro bila nauli hawezi kuanza kwa majina yale mawili ya kitambulisho. Juzi alipigiwa na mmoja aliyejiita mjukuu na kumtaja kwa majina yote mawili, wazi kama karani anayeita wagonjwa foleni. Shangazi akamuuliza, "Kwani nyumbani mnaniitaje?" Kijana akasema mtandao unasumbua.